Hukuivuta Sufuria ya Nta

Koku mwanangu,

Hukuivuta ile sufuria. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaendelea na salamu mpaka karatasi iishe, unanijua. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Sikumwambia Bibi alipokuwa hai, wala Shangazi, wala mchungaji aliponiuliza kabla ya kipaimara kama kuna jambo linalonilemea. Lile kovu linaloanzia kwenye kiwiko chako cha kushoto na kupanda mpaka shingoni halikutokana na utundu wako. Lilitokana na mimi.

Sasa hivi tumemaliza chakula cha mchana. Shangazi amekuchukua mkaage kwa watu wa bondeni, nami nimebaki na sanduku lako lililo wazi. Kesho alfajiri mtapanda basi la Bukoba, ukaishi kwake kwa kuwa Bibi hayupo tena, nami nibaki nimalize shule. Nilitakiwa nikunje nguo zako, lakini nimekaa juu ya kitanda na daftari. Habari za kufua soksi na kuamkia wakubwa utaambiwa na Shangazi, na yeye anajua kuambia kuliko mimi.

Nakuita mwanangu ingawa mimi ni dada yako, nina miaka kumi na minane na bado navaa sare ya shule. Mama alipofariki ulikuwa na miaka miwili, mimi kumi na mmoja, na Baba alikuwa ametangulia. Siku watu wa matanga walipotawanyika, Bibi alikufunga mgongoni mwangu kwa kanga ya Mama, akakaza fundo kifuani pangu, akasema, "Asimwe, huyu sasa ni wako. Mimi nitawatunza wote wawili, lakini huyu ni wako." Nilikuwa mfupi, miguu yako ilikaribia magoti yangu. Uliniita Mama mpaka ulipoanza chekechea na wenzako wakakucheka, ndipo ukaanza kuniita Dada. Sikukukataza. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa kidogo, kisha nikarudi.

Wewe unaikumbuka mishumaa ikiwa tayari imeanza, kwa hiyo acha nikueleze ilivyoanza. Nilikuwa darasa la sita. Katika kabati la vitabu shuleni nilikuta kijitabu cha kazi za mikono kisicho na jalada, na ndani yake kurasa nne juu ya kutengeneza mishumaa kwa nta ya nyuki. Nilizisoma mpaka nikazijua kwa moyo. Nta nilijua iliko. Jirani yetu mzee, Ta Bitegeko, alikuwa na mizinga juu ya miti yake, na akishakamua asali alikuwa anatupa masega pembeni mwa shamba, siafu wanayamaliza. Shida ilikuwa kumwomba. Nilikwenda mara mbili nikasimama nje ya ua wake, nikarudi bila kusema neno. Mara ya tatu akaniita kwa sauti kutoka ndani:

"Wewe mjukuu wa jirani! Umekuja kuhesabu nyuki au una shida?"

"Shikamoo, Ta."

"Marahaba. Ingia useme. Nyuki ndio wanaouma, mimi nimebakiwa na meno mawili."

Hivyo ndivyo nilivyopata nta. Nilichemsha masega kwenye maji, nikachuja kwa kipande cha shuka, nta ikaganda juu kama mkate wa njano. Kijitabu kilisema nimimine kwenye kalibu ya bati. Hatukuwa na bati. Tulitumia mabua ya majani ya mpapai, yale yenye uwazi katikati. Unapitisha uzi wa pamba, unaziba chini kwa udongo, unamimina, na nta ikipoa unapasua bua na kulitupa. Fundi wa mabua ulikuwa wewe. Ulikuwa na miaka mitano na ulikuwa unakataa bua lililopinda hata kidogo. "Hili linaumwa mgongo," unasema, na kulitupa nje.

Jumamosi nilikuwa nakubeba mpaka kwenye nyumba za wauguzi karibu na hospitali, kikapu kichwani. Walinunua kidogo, kwa sababu mishumaa ya dukani ilikuwa imenyooka zaidi na myeupe. Ndipo nikawaza harufu. Kwanza nikatia majani ya mkaratusi. Muuguzi mmoja mnene, yule aliyekuwa anakupa vipande vya mkate, akawasha mmoja hapohapo mlangoni akanusa.

"Binti, huu ni mshumaa au dawa ya kifua? Mume wangu akiusikia ataanza kukohoa kwa mazoea."

Wenzake wakacheka, nami nikatamani ardhi ifunguke. Lakini alinunua miwili.

Halafu mvua za kwanza zikaja na mibuni ikachanua yote kwa pamoja, kama inavyofanya. Shamba lilikuwa jeupe na ile harufu ilikuwa inaingia mpaka chini ya blanketi. Nikasema moyoni, hii ndiyo. Nikaamka mapema, nikachuma maua kikapu kizima kutoka kwenye mibuni ya njiani, iliyokuwa imechanua vizuri kuliko yote. Nilirudi naimba. Bibi alikuwa anatoka jikoni.

"Mawe, mama yangu! Umechuma nini?"

"Maua, Bibi. Ya mishumaa."

Akaingiza mkono ndani ya kikapu, akayanyanyua, akayaacha yaanguke polepole. "Haya si maua, Asimwe. Hii ni kahawa. Umetuchumia kahawa kabla haijazaliwa."

Mtoto aliyezaliwa kwenye kahawa, anayeandikiwa "hodari" kila muhula, hakukumbuka kwamba kila ua ni punje. Bibi hakunipiga. Msimu ule, kila tulipopita njiani wakati wa kuchuma, aligusa matawi yale matupu na kuendelea na safari yake, na hiyo ilitosha. Baadaye alinifundisha mwenyewe: subiri siku ya pili au ya tatu, ua likishamaliza kazi yake, tandika kanga chini na utikise tawi kwa upole. Linaloachia ni lako. Yale yaliyoachia niliyalaza juu ya mafuta ya kupikia yaliyoganda, nikayabadilisha kila siku, mpaka mafuta yakanukia. Kijiko kimoja kwenye nta, si zaidi, la sivyo mshumaa unalegea.

Lile kosa la kikapu nililikiri upesi, na kwa miaka nilijiona mtu mkweli kwa sababu hiyo. Lakini Bibi alinikuta nacho mkononi. Nimejichunguza tangu asubuhi, Koku, na nimeona kwamba makosa yote niliyowahi kukiri ni yale niliyokutwa nayo.

Sasa nikuambie ile siku.

Bibi alikuwa shambani. Mimi nilikuwa jikoni na nta ya kwanza yenye harufu ya maua ya kahawa. Wewe ulikuwa umekaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni karibu na mlango, unachambua mabua yako. Kijitabu kilisema, kwa herufi nzito, sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria kubwa yenye maji, isiguse moto. Nilijua. Lakini maji yanachelewa kuchemka na kuni zilikuwa mbichi. Nikaiweka nta moja kwa moja kwenye mafiga. Kisha nikafungua kitabu. Kilikuwa kitabu cha hadithi nilichoazima kwa mwalimu, nilitakiwa kukirudisha kesho yake, na zilibaki kurasa tatu. Nilijiambia nitatazama sufuria kila nikigeuza ukurasa. Sikutazama.

Wewe ndiye uliyeona. Ulisema, "Dada, inatoa moshi." Nikasema, "Ngoja." Hilo ndilo neno nililokwambia. Ukasema tena, "Dada." Nilipoinua macho nta ilikuwa inawaka kama taa. Nikafanya ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya akiona moto. Nikachota maji ya mtungi nikayamwaga ndani.

Maji na nta iwakayo havikai pamoja. Moto uliruka mpaka kwenye paa, na nta ikaruka kila upande. Mimi nilipata matone mawili kwenye kidole. Wewe ulipata yaliyobaki. Hukuwa hata umenyanyuka. Ulikuwa umekaa palepale nilipokuweka, na bua mkononi.

Nilikubeba nikakimbia. Nakumbuka njia nzima hukulia, ulikuwa unasema tu "moto, moto" sikioni mwangu, na nilipokea hilo kama adhabu yangu, nikadhani itatosha. Hospitalini muuguzi alikuwa na kadi na kalamu. Akauliza bila kuniangalia, "Imekuwaje?" Nikasema, "Ameivuta sufuria." Akaandika.

Maneno mawili. Sikuyapanga. Yalitoka yenyewe, na yalipokwisha kuandikwa yakawa ndiyo yaliyotokea. Bibi alipofika akiwa na tope miguuni, muuguzi ndiye aliyemweleza, si mimi. "Watoto hawa, bibi, huwezi kugeuka hata kidogo." Bibi akaniangalia, akanishika kichwa, akasema, "Pole, mwanangu. Kulea si kazi ndogo." Nilipewa pole, Koku. Wiki mbili za kulazwa kwako kila aliyekuja alikupa wewe chungwa, akanipa mimi pole.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo lilinichukua muda kulielewa. Baada ya hapo mishumaa iliuzika. Wauguzi walikuwa wanamwona yule msichana mdogo anayelea mdogo wake aliyeungua, wakanunua hata wasiyoihitaji. Harufu ya maua ya kahawa waliipenda kweli, hilo silikatai, lakini walikuwa tayari wamenunua kabla ya kunusa. Sare zangu za sekondari, viatu vyako vya shule, blanketi la Bibi, vyote vilitoka kwenye mishumaa. Ukitazama vizuri, vilitoka kwenye mkono wako. Nilijifunza kuweka sufuria ndani ya maji, sijawahi kufungua kitabu tena karibu na moto, mishumaa yangu ikanyooka, na watu wakasema nina bidii. Mtu anaweza kuwa na bidii sana ili asikae kimya na nafsi yake.

Nilidhani uongo ule utakaa kwenye kadi ya hospitali tu. Sikujua kwamba utakua nao. Unakumbuka harusi ya mtoto wa Ma Veneranda, jirani yetu wa juu? Ulikuwa unakwenda kuchukua sahani yako, akapiga kelele mbele ya akina mama wote: "Jamani, sahani ya Koku mwekeeni chini! Huyu akishika kitu tunakimbizana hospitali!" Wakacheka. Ulicheka pia. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako na jagi la maji ya kunawa mikono, nikaendelea kunawisha watu.

Na Krismasi iliyopita, mwalimu wa shule ya Jumapili alipokuchagua uongoze mstari na mshumaa, mshumaa tulioutengeneza sisi wenyewe. Ulikataa. Ulimwambia, "Mpe mwingine, mwalimu, mimi naangusha." Niliambiwa ni aibu ya kitoto, kwamba umerithi aibu yangu. Nikakubali, kwa sababu ilikuwa rahisi kukubali.

Lakini kilichonikata kabisa ni ile siku ulipokuwa unamsimulia mwenzako habari ya kovu lako. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Ulisema, "Niliona povu linang'aa, nikataka kulishika, nikavuta mkono wa sufuria." Povu linang'aa! Hakuna mtu aliyekwambia habari ya povu. Umeitengeneza mwenyewe ile kumbukumbu, ukaipamba, ukaihifadhi, na unaiona kabisa. Una kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea, na aliyeiweka humo ni mimi.

Leo asubuhi Shangazi alikuwa anakueleza habari za nyumbani kwake, cherehani yake, vyombo vyake vya udongo anavyovipenda. Akasema kwa mzaha, si kwa ubaya, "Ila wewe na jiko langu, ee waitu, jamani, tutawekeana mpaka." Ukajibu, "Ndiyo, Shangazi, mimi naangusha." Ulisema kama mtu anayetaja jina lake. Hukuwa na huzuni hata kidogo. Ndipo nikaelewa kwamba kesho hutaondoka na sanduku tu. Utaondoka na hilo pia, na huko Bukoba watakujua hivyo kuanzia siku ya kwanza, na siku moja utaolewa hivyo na kulea watoto hivyo.

Kwa hiyo nakwambia: hujawahi kuangusha kitu ambacho watoto wengine hawaangushi. Ulikuwa mtoto wa miaka mitano mwenye mkono imara, aliyejua bua lililonyooka na lililopinda. Uliniambia mara mbili kwamba kuna moshi. Katika jiko lile siku ile, mwenye akili alikuwa wewe.

Sijui nikupe ushauri gani zaidi. Ninaowasoma kwenye vitabu huwa na ushauri mwingi ukurasa wa mwisho. Mimi nina huu mmoja tu, nao sijaufuata bado: ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado unatetemeka. Ukingoja utulie, utakuwa umeshapata sababu nzuri za kunyamaza. Nilikuwa nazo. Bibi ni mzee, nitamuua kwa huzuni. Wewe ni mdogo, hutaelewa. Wauguzi wataacha kununua, tutakula nini? Zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu.

Sababu yenyewe ni kwamba niliogopa ungeanza kuniita Asimwe. Nilishapoteza "Mama". Niliogopa kupoteza na "Dada".

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Ungeisoma huko mbali, peke yako, na kujiona unalazimika. Nilikuwa nimekusudia kuificha chini ya nguo zako, uikute ukishafika. Nimeandika mpaka hapa na sasa naona huo nao ni ujanja. Tena ni ule ule. Ningekuwa nimesema bila kukutwa.

Nawasikia mnarudi. Shangazi anacheka na mtu barabarani.

*

Naendelea, jua linakaribia kuzama. Naandika kilichotokea ili uwe nacho kwenye karatasi, kwa sababu nimeona jinsi kumbukumbu zinavyoweza kuharibiwa.

Nilikuita migombani, tukakaa juu ya majani makavu, nikakusomea barua yote kuanzia mwanzo. Sikuruka kitu. Ulisikiliza huku unachana jani. Kisha ukauliza:

"Kwa hiyo sikuivuta?"

"Hukuivuta."

"Hata kidogo?"

"Hata kuigusa."

Ukafikiri. "Na lile povu?"

"Hakukuwa na povu, mwanangu."

"Kile kitabu kilikuwa cha nini?"

"Cha mtu aliyepotea msituni."

"Alirudi kwao?"

"Sijui. Sikukimaliza."

Hapo ndipo ulipolia, kwa hasira, ukanipiga begani kwa ngumi, mara nyingi, na niliacha unipige. Uliniuliza kwa nini nilikuacha ucheke harusini. Ulipochoka ukapangusa pua kwa kanga yangu, ukasimama, ukasema, "Twende ukamwambie Ma Veneranda."

"Sasa hivi?"

"Kesho sipo."

Nilianza na Shangazi, kwa kuwa alikuwa karibu, jikoni, anamenya ndizi. Nilimwambia. Aliweka kisu chini, akakushika uso kwa mikono yake yenye utomvu. Kisha akaniambia, "Nenda. Nitapika mwenyewe." Sijui bado ananionaje.

Kwa Ma Veneranda walikuwa akina mama watano wanapukuchua maharage. Unajua mimi na watu watano. Niliwaamkia, nikasimama katikati ya ua, nikasema: siku ile Koku hakuvuta sufuria, niliiacha ikashika moto kwa sababu nilikuwa nasoma, nikaimwagia maji, ikamuunguza, halafu nikasema ni yeye. Ma Veneranda akafungua mdomo. "Asimwe, miaka minne?" Nikasema, "Ndiyo, Ma. Miaka minne." Mmoja akaguna. Mwingine akasogeza ungo wake mbali na miguu yangu. Wewe ulisimama kando yangu, hukunishika mkono na sikukuomba unishike. Ma Veneranda akakugeukia, akasema, "Mjukuu wangu, na mimi nilikucheka." Ukamwambia, "Ndiyo, ulinicheka."

Kutoka hapo tulikwenda kwa Ta Bitegeko, nikamwambia. Kisha kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, nikamwambia. Muuguzi hatukuweza kumfikia, giza lingetukuta njiani. Nitakwenda Jumatatu baada ya masomo, bila mishumaa, nimwombe aitafute ile kadi.

Tumerudi. Wewe uko ndani na Shangazi, mimi niko kizingitini, namalizia mstari huu. Nitaikunja karatasi, nikupe mkononi, kisha nikakunje nguo zako.

Asimwe